Nyuma ya Barua ya Thelathini na Nne

Chumba cha chakula cha nyumba ile kilikuwa na viti kumi na tisa, na mlaji alikuwa mmoja.

Kila Jumamosi alivipangusa vyote, kimoja kimoja, migongo na miguu, kana kwamba wenyewe wametoka mara moja tu na watarudi sasa hivi. Wenyewe walikuwa wametawanyika. Wengine walilala makaburini nyuma ya bustani ya mboga, wengine walizeekea kwenye nyumba kuu ya shirika, safari ya kutwa nzima kwa basi, na wawili waliacha utawa zamani, wakaolewa, na sasa wana wajukuu. Aliyebaki ni Sista Gundi, miaka sabini na minane, mwenye goti moja zima na jingine la kubembelezwa. Alikuwa na jina la utawa refu, la heshima, lakini tangu mwaka alipobandika barua za mwanzilishi wa shirika hakuna aliyelikumbuka tena.

Kazi yake ilikuwa kuchoma hostia za altareni, ile mikate myembamba ya komunyo. Alikoroga unga wa ngano na maji matupu, pasipo chumvi wala hamira, mpaka uji ukawa mwepesi kama maziwa. Alimimina upawa mmoja juu ya bamba la chuma la moto, akalifunika kwa bamba jingine, akasali Salamu Maria moja na nusu, ndiyo saa yake hiyo, kisha akafungua. Kilichotoka kilikuwa kitu cheupe, chembamba, kikubwa kama sahani, na kikavu hata ukikitazama vibaya kinapasuka. Huwezi kukikata hapo hapo. Kwanza lazima kilale katika kabati la umande, ndivyo walivyoliita, kabati la mbao lenye rafu za waya na sufuria ya maji ya moto chini yake. Asubuhi kinatoka laini, kinakunjika kama kitambaa, ndipo unakikata viduara vyako kwa raha. Umande ukipungua unapata makombo. Ukizidi unapata kamasi.

Zamani kabati lile halikuhitaji sufuria. Ukuta wake mmoja ulipakana na chumba cha kufulia, na katika ukuta huo palikuwa na kidirisha cha ukubwa wa daftari. Upande wa pili alikaa Sista Pasi. Yeye alichemsha mashuka ya nyumba nzima, akayasuuza, akayapiga pasi, na kila alasiri alifungua kidirisha akaruhusu mvuke wake uingie kwenye kabati la mwenzake. Pamoja na mvuke zilikuja habari. Sista Pasi alikuwa na kipaji cha kuiga watu. Akimwiga padre anayetafuta miwani huku ameivaa, Sista Gundi alilazimika kuweka upawa chini ashike ukuta. Walifanya kazi hivyo miaka kumi na minne, kila mmoja upande wake, wakionana nyuso kwa kipande cha daftari.

Sasa chumba cha kufulia kilikuwa na baiskeli mbovu na magunia matupu, na kidirisha kilikuwa kimepakwa rangi kikagandia hapo.

Shirika lao lilianzishwa na mwanamke mmoja waliyemwita Mama, basi. Hakuandika kitabu. Aliandika barua kwa nyumba zake, akiwa safarini, akiwa mgonjwa, akiwa anangoja mtu mlangoni, juu ya karatasi yoyote aliyoipata, hasa ile nene ya kufungia sukari. Zilikuwa zimebaki barua sitini na mbili. Kila jioni mtawa mmoja alisimama akasoma moja, na wote walijibu, "Asante, Mama." Zikiisha, wanaanza tena ya kwanza. Sista Gundi aliendelea na desturi hiyo akiwa peke yake. Alisimama, akasoma kwa sauti, akaketi, akajijibu. Baina ya kusoma na kujibu alinyamaza kidogo, si kwa makusudi, ni mazoea ya kungoja wenzake.

Kwa kuwa barua hizo walizijua kama viganja vyao, watawa wa shirika lile hawakuonyana kwa maneno mengi. Walionyana kwa namba. Ukibamiza mlango, mtu alisema tu, "Kumi na mbili," nawe ukakumbuka Mama alivyoandika kwamba mlango ufungwe kama vile nyuma yake kuna mtoto aliyelala. Ukilalamikia chakula uliambiwa, "Ishirini na sita," ukainamisha kichwa. Namba nyingine zilikuwa za utani. Ya saba ndiyo barua fupi kuliko zote. Mama alikuwa amefungua nyumba ya wagonjwa peke yake, mambo yamemfika shingoni, akawaandikia wenzake mstari mmoja: "Njooni. Msingoje mambo yakae sawa. Leteni sabuni." Basi wanovisi, wale watawa wanafunzi, wakiishiwa sabuni bafuni walipaza sauti, "Saba! Saba jamani!" na mtu alikimbia nayo.

Iliyoogopwa ni ya thelathini na nne. "Moyo wa mtawa ni ukumbi," iliandikwa, "si chumba cha mgeni mmoja. Asiwepo mwenye kiti chake humo." Mkubwa wa nyumba wa siku zile alisikia vicheko vya kwenye kidirisha kwa muda mrefu, akavumilia, kisha alasiri moja akasimama mlangoni akasema namba hiyo tu, akaenda zake. Mwezi haukuisha Sista Pasi alihamishwa nyumba ya mbali. Aliondoka na sanduku dogo na pasi yake ya mkaa. Hawakuagana, walikuwa kanisani, kila mmoja benchi lake.

Alipofika huko Sista Pasi aliandika barua. Sista Gundi aliitambua hati kabla hajaipokea mkononi. Aliishika bahasha siku mbili, akaiweka chini ya godoro, akaitoa. Siku ya tatu alichukua kalamu, akaandika juu yake 34, akairudisha kwa posta bila kuifungua. Ikaja ya pili. Ikaja ya tatu. Alizifanya vivyo hivyo. Ya nne ilikuwa nene, na alipoandika 34 kalamu iliteleza kwa sababu ndani palikuwa na kitu kigumu, kama kifungo au medali. Hakuna ya tano iliyokuja. Ilikuwa imepita miaka thelathini na saba. Mara moja tu walikutana, kwenye sherehe ya nyumba kuu, wakawekwa meza moja. Sista Pasi alimsogezea chumvi.

Sasa Jumatatu moja simu ililia. Alikuwa Mama Mkuu wa shirika, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake wa kuchoma hostia na mpaka leo alimwogopa kidogo. Alimjulia hali, akauliza habari za goti, kisha akasema shirika linatimiza miaka mia moja na barua za Mama zitawekwa nyumba kuu, ndani ya kabati la kioo, watu wazione. Kesho angekuja fundi wa vitabu kuzibandua kutoka albamu ile kubwa, maana wataalamu wanataka kila barua iwe peke yake, mbele na nyuma. Jumamosi angeondoka nazo. Sista Gundi aliitikia kila neno. Mwishoni, kama mtu anayekumbuka kitu mkono ukiwa tayari kwenye kitasa, Mama Mkuu akasema Sista Pasi yuko nyumba ya wagonjwa, mapafu yamechoka, na daktari amesema wasiweke matumaini ya miezi mingi.

"Anaongea?" aliuliza Sista Gundi.

"Kidogo. Anachoka haraka."

Alirudisha simu mahali pake, akaenda kukaa, si kwenye kiti chake, kwenye kiti kilichokuwa karibu.

Lililomsumbua lilikuwa hili. Alipokuwa na miaka ishirini na minne alipewa kazi ya kubandika zile barua katika albamu, kwa kuwa zilianza kuchakaa kwenye mikunjo. Alitengeneza gundi mwenyewe kwa uji wa hostia, akaipika mpaka ikavutika, akatia shabu kidogo kuzuia wadudu, na ndiyo iliyompa jina. Barua nyingi zilikuwa na maandishi madogo nyuma, chini ya sahihi ya Mama, yamejazwa kila pembe. Mkubwa wa nyumba alimwambia hayo ni mambo ya jikoni, si ya kusomwa mezani. "Usisome. Bandika." Akabandika sitini na moja bila kusoma, maana alikuwa mtiifu na alijivunia. Ila ile ya thelathini na nne, alipoigeuza aipake, jicho liliangukia maneno mawili ya kwanza. Yalisema: "Rafiki yangu." Alisimama na brashi mkononi mpaka tone likaanguka mezani. Kisha akapaka, na palipokauka akapaka tena mara ya pili.

Kwa hiyo siku alipoziandikia zile bahasha namba yake, alijua kuna kitu nyuma ya namba hiyo. Hakujua ni nini. Lakini alijua kipo.

Fundi wa vitabu alifika na mikoba miwili na kikapu. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mnene, mwenye vidole vyembamba visivyolingana na mwili wake, na alisema mlangoni kabisa kwamba yeye si Mkatoliki, asije akaulizwa sala. Sista Gundi akamwambia hapa anaulizwa kama amekula, basi. Alimpeleka chumba cha chakula, fundi akatandaza vitambaa vyake juu ya meza ndefu, akatoa pamba, bakuli, na kisu chembamba kama jani la mchaichai, akaifungua albamu kwenye barua ya kwanza.

Alilowesha. Akangoja. Akaingiza kisu chini ya pembe, akasukuma kwa pumzi tu. Pembe ikakatika, ikabaki juu ya kisu.

Fundi aliweka kila kitu chini. Kisha akainusa albamu.

"Sista, hii gundi nani aliipika?"

"Mimi."

"Ulitia nini, saruji?"

"Unga wa ngano. Na shabu."

"Basi hongera. Imeshika kuliko ndoa nyingi ninazozijua, yangu ikiwemo."

Alijaribu tena pembe nyingine, kwa maji zaidi, na wino ukaanza kuvuja. Hapo akakata shauri. Alimweleza Sista Gundi taratibu kwamba akiendelea atafanya dhambi, hata kama yeye si wa kanisa hilo. Angempigia Mama Mkuu kesho, amwambie albamu iende ilivyo, iwekwe chini ya kioo, watu watasoma upande wa mbele. Upande wa mbele ndio uliosomwa miaka yote, na hakuna aliyekufa.

Sista Gundi aliposikia hivyo alipata nafuu. Ilikuwa imekwisha. Alimpa fundi chumba chenye dirisha la bustani, akamwonyesha bomba lenye maji ya uhakika na lile linalodanganya. Jioni walikaa mezani wawili, na fundi alikaa kiti cha nne, kiti cha marehemu mtunza kuku, bila kujua.

Zamu ilikuwa imefika barua ya thelathini na tatu, inayohusu kuamka mapema. Aliisoma, akanyamaza, akajibu, "Asante, Mama." Fundi alichungulia huku na huku kuona alikuwa anangojwa nani. Sista Gundi akaona alivyochungulia. Akapeleka jicho kwenye ukurasa wa pili, pale ile ya kesho ilipokuwa imelala na tabaka zake mbili za gundi, akasogeza sahani pembeni. Kesho angesimama aisome, na tena kila baada ya siku sitini na mbili, au kama si yeye basi wageni mbele ya kioo, vizazi na vizazi, na upande wa pili usingesomwa na mtu milele. Na mwenzake huko angekata roho akiwa na namba tu.

Aliamka asubuhi akaenda kukata hostia kama kawaida. Alifungua kabati la umande, akatoa bamba moja la mkate, likalala juu ya kiganja chake laini kama leso. Alilitazama kwa muda mrefu. Kisha akapiga moyo konde, akatembea nalo mpaka chumba cha chakula, ambako fundi alikuwa anafungasha mikoba.

"Mwanangu," alisema, "njoo uone kitu."

Alilikunja lile bamba mara mbili mbele yake, likakunjika bila ufa. Akamweleza kwamba jana lilikuwa kavu la kuvunjwa na chafya. Halikumwagiwa maji. Lililala tu mahali penye mvuke, likanywa polepole lenyewe.

"Gundi ile na mkate huu ni uji mmoja," alisema. "Umeipa maji ya kunywa mara moja. Ipe mvuke usiku kucha."

Fundi alilishika bamba, akalikunja naye, akalinusa, maana alikuwa mtu wa kunusa. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu aliyeonyeshwa kitu ndani ya fani yake mwenyewe na mtu wa nje, "Sista, ulikuwa wapi jana?"

Sista Gundi alikuwa tayari anaivuta albamu.

Walizitoa kurasa za albamu kwenye mishono, wakazilaza kwenye rafu za waya, nusu yake kwa mara moja, kitambaa juu na kitambaa chini. Sufuria haikutosha. Sista Gundi akachukua kisu cha jikoni, akaenda upande wa baiskeli mbovu na magunia, akakwangua rangi pembeni mwa kile kidirisha mpaka kikafunguka kwa kelele. Akaweka jiko na birika upande ule, kama zamani. Mvuke ukapita. Alisimama hapo akiutazama unavyopita, mpaka fundi akamwita mara mbili.

Alhamisi asubuhi barua ya kwanza iliachia kama ngozi ya kiazi kilichochemshwa. Fundi aliigeuza kwenye kitambaa, na kwa kuwa macho ya Sista Gundi hayakuweza hati ndogo namna ile, alimsomea. Nyuma ya maneno mazito kuhusu umaskini mtakatifu, Mama alikuwa ameandika kwamba soksi amezipata, moja ni ndefu kuliko mwenzake, lakini hata miguu yake mwenyewe haifanani. Nyuma ya barua ya subira alimwagiza mpishi akang'oe jino, asiwe shujaa bila sababu. Nyuma ya ile ya mlango na mtoto aliyelala aliandika jina la mtoto. Alikuwa mtoto kweli, yatima wa siku nane, aliyeachwa ukumbini kwao, na Mama aliuliza kama ananyonya chupa vizuri na nani anayempakata usiku.

"Kumbe alikuwepo," alisema Sista Gundi.

"Nani?"

"Mtoto."

Miaka yote walifunga milango taratibu kwa ajili ya roho zao.

Nusu iliyobaki iliingia kabatini Alhamisi, ikatoka Ijumaa. Ile ya thelathini na nne ilikuwa ya mwisho kuachia. Wenzake wote walikwisha, yenyewe imeng'ang'ania, na fundi alishangaa, akasema hapa palipakwa mara mbili. Wakairudisha kwenye umande. Sista Gundi alichemsha birika jingine, akakaa nalo mwenyewe upande wa kufulia, akilipepea jiko kwa kifuniko. Saa nane mchana iliachia.

Fundi alisoma kwanza kwa macho. Kisha akavuta kiti, akamkalisha mzee, ndipo akasoma kwa sauti:

"Rafiki yangu, hayo ya mbele ni ya kusomwa mezani, maana nyumba yenu imegawanyika makundi mawili, na wasio na kundi wanakula chakula chao na machozi. Wakipona, uichome barua hii, isije ikamwumiza mtu asiye na ugonjwa huo. Wewe na mimi haituhusu. Niandikie kama kawaida. Wiki mbili sijaona hati yako, nimekuwa kama nyumba iliyozimwa taa. Kama huna habari, niandikie habari za kuku."

Nje bomba linalodanganya lilikuwa linadondoka. Fundi aliilaza ile karatasi chini kwa uangalifu, akafuta vidole vyake, akasema kwa upole kwamba Mama aliomba ichomwe, na watu wakaibandika.

"Si watu," alisema Sista Gundi. "Ni mimi."

"Hukujua."

"Nilijua maneno mawili. Yalinitosha kujua, nikapaka juu yake."

Kisha akamweleza habari za zile bahasha nne, na alipofika kwenye ile nene yenye kitu kigumu ndani, aliishia hapo. Fundi alisimama. Alikwenda akafunga kidirisha kuzuia mvuke usipotee bure, akarudi, akamwekea mbele karatasi nzuri kutoka kwenye mkoba wake, ile ya kazi yake, na kalamu.

Alianza mara tatu. Mara ya kwanza aliandika kama anavyoandika mtawa kwa mtawa, na alipofika "mpendwa katika Kristo" akaona anapaka gundi tena, akaichana. Ya pili ilijaa visingizio: mkubwa wa nyumba, utii, ujana. Akaichana nayo. Ya tatu aliandika hivi, na hati yake ilikuwa kubwa kama ya mtoto wa darasa la pili:

"Rafiki yangu. Nyuma ya 34 Mama alimwandikia rafiki yake. Siku ninaibandika niliona maneno mawili, nikayafunika. Barua zako nne nilizirudisha nikijua. Nimekosa mchana kweupe. Kidirisha nimekifungua. Kuku hatufugi tena, mtunzaji alifariki. Goti linanisumbua. Sijacheka hivyo tena."

Alitaka kuongeza kitu akakosa. Akaifunga. Jumamosi fundi aliondoka na barua sitini na mbili ndani ya sanduku bapa, na ya sitini na tatu mfukoni mwake, akaahidi kuitia posta kwa mkono wake mwenyewe. Mlangoni alisita, akasema kwake kuna kitanda cha ziada kama Sista atapita mjini. Sista Gundi akamwambia Mungu akubariki, na fundi akasema hiyo ataipokea hata yeye.

Jioni ile alisimama mbele ya kiti chake kwa mazoea, mikono ikafunguka kushika albamu, haimo. Alizijua zote kwa moyo, angeweza kuanza popote. Hakuweza. Alikaa akala, na nyumba ikamsikia anavyotafuna.

Wiki ya kwanza alijipa sababu: posta. Wiki ya pili alijipa sababu: mapafu, pengine mkono hauna nguvu. Wiki ya tatu sababu zilimwishia. Kila simu ilipolia alijua ni ile habari yenyewe, na kila mara ilikuwa parokia fulani inataka hostia. Alichoma, akakata, akafungasha mia mia. Alasiri alichemsha birika upande wa kufulia ingawa sufuria ilitosha, akarudi upande wake, akafanya kazi mbele ya kidirisha kilicho wazi. Wakati mwingine alisema neno moja mbele yake. Upande wa pili palikuwa na baiskeli.

Ijumaa ya wiki ya tatu mtu wa posta aligonga. Sista Gundi alipokea bahasha, akaisogeza karibu na macho. Ilikuwa bahasha yake. Hati yake mwenyewe kubwa, jina la Sista Pasi juu, na jina hilo limekatwa kwa mstari, pembeni pameandikwa anwani ya hapa. Imerudishwa. Alikaa kwenye ngazi ya mlango akiwa nayo mapajani. Hakulia, wala hakukasirika. Alisema moyoni kwamba hii ni haki, mara nne nilimpa na mimi nimepewa moja, amenipunguzia.

Ilikuwa baada ya muda ndipo kidole chake kiligundua kwamba ukingo wa bahasha umefunguliwa, kisha ukafungwa kwa plasta ya hospitali. Ilikuwa imesomwa.

Aliigeuza. Nyuma, kwa kalamu ya risasi, kwa mstari uliopinda kama njia ya mchwa, palikuwa na namba moja: 7.

Ndani mlikuwa na kipande cha karatasi cha muuguzi kijana. Alisema anaomba radhi, Sista Pasi amewang'ang'ania waitume hivi hivi na hakutaka kueleza. Wamemwuliza saba ya nini, saa saba, siku saba, vidonge saba, yeye anacheka tu mpaka anakohoa. Wao hawakuelewa, labda Sista Gundi ataelewa.

Aliomba ruhusa ya safari kwa simu, na Mama Mkuu alimpa kabla hajamaliza kuomba. Akamwuliza tu hostia zitakuwaje. Sista Gundi alimwambia parokia zitakula zilizopo, zipo za wiki mbili.

Asubuhi alifungasha: nguo ya kubadili, rozari, dawa ya goti, kanda ya kulifunga. Sanduku likabaki na nafasi. Akaenda stoo, akachukua mche mzima wa sabuni ya kufulia, ile ya rangi ya samli, akaufunga kwenye gazeti, akaulaza juu ya nguo. Ulikuwa mzito kuliko vyote. Alifikiri kuacha barua ya maelekezo kwa mtu yeyote atakayekuja: sufuria, kabati, bomba lipi la kuamini. Mambo hayakuwa yamekaa sawa hata kidogo. Chumba cha chakula hakikufutwa, mabamba hayakupakwa mafuta. Akayaacha.

Nje alivuta mlango kwa mkono mmoja, sanduku mkono mwingine, na upepo ukaunyakua. Mlango ukajibamiza, nyumba nzima ikaitika mpaka juu. Sista Gundi alisimama kwenye ngazi, shingo ndani ya mabega, akingoja mtu aseme kumi na mbili.

Alipoona hakuna wa kusema, aliliwahi basi.